Jaji James Mwalusanya na Kazi ya Kusoma Sheria Hadi Mwisho

Mhadhara uliotolewa Bukoba mbele ya mahakimu, mawakili, wanafunzi wa sheria na wananchi

   Kuna kundi moja sitalipita hivihivi, nalo ni washauri wa Mahakama za Mwanzo, wazee wanaokaa na hakimu kusikiliza ugomvi wa mahari na mirathi, halafu wakirudi nyumbani hakuna anayewataja. Mengi nitakayosema jioni hii yalianzia mezani kwao.

Niliombwa nizungumzie maisha na utumishi wa Jaji James Mwalusanya, Jaji wa Mahakama Kuu aliyefanya kazi Mwanza na Dodoma katika miaka ya 1980 na 1990. Sitawasomea wasifu wa alizaliwa wapi na alisoma shule gani. Maisha ya jaji ambayo umma una haki ya kuyapima yamo katika hukumu zake, na zake zipo: mwaka 2005 Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kilizichapisha baadhi yake katika kitabu kilichohaririwa na Chris Maina Peter na Helen Kijo-Bisimba. Kusudi langu ni kuonyesha kwamba sifa tunayompa mara nyingi, ile ya ujasiri, haimtoshi. Jaji anaweza kuwa jasiri na bado akaandika hukumu ya ovyo. Mwalusanya alikuwa na subira ya kusoma sheria hadi vifungu vya mwisho, vile tunavyovifikia tukiwa tumeshachoka, kisha akavitumia kwa mtu aliyesimama mbele yake.

Nina hoja nne. Ya kwanza itachukua muda mrefu kuliko nyingine, kwa sababu ni ya hapahapa kwenu Kagera.

Kabla sijaianza, tukumbushane jambo moja. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 haikuingiza haki za binadamu katika Katiba kama sehemu inayoweza kudaiwa mahakamani. Viongozi waliona zingeifunga mikono serikali changa, tena mbele ya majaji ambao karibu wote walikuwa Waingereza. Ilichukua zaidi ya miaka 20 ya mjadala, ndipo Sheria Na. 15 ya 1984 ikaleta sehemu ya haki na wajibu muhimu ndani ya Katiba. Sheria iliyoifuata, Na. 16 ya mwaka huohuo, iliipa serikali miaka mitatu ya kusafisha sheria zake kabla mahakama hazijaanza kuzitangaza batili. Muhula huo uliisha Machi 1988. Kwa hiyo jaji aliyekuwa kazini mwaka huo alijikuta na chombo kipya mkononi, na hakuna mtu aliyekuwa amemwonyesha namna ya kukitumia. Wengine walikiweka kabatini.

Hoja ya kwanza: Mwalusanya aliichukua Katiba akaipeleka kwenye kibanja.

Wenyeji hapa sina haja ya kuwaeleza kibanja ni nini. Wageni wetu wajue kwamba ni shamba la migomba na kahawa lenye nyumba ndani yake, na mara nyingi lenye makaburi ya waliotangulia. Kuuza kibanja cha ukoo kwa mtu baki ni kumkabidhi mgeni makaburi ya babu zako. Naomba tuliweke hilo mbele, maana wanasheria wa mjini wana tabia ya kusimulia kesi hii kana kwamba ukoo ulikuwa na roho mbaya tu. Ukoo ulikuwa na sababu.

Holaria Pastory alirithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia. Alipoona uzee umeingia na hana mtu wa kumtunza, tarehe 24 Agosti 1988 aliliuza kwa Gervazi Kaizilege, mtu wa nje ya ukoo, kwa shilingi 300,000. Kesho yake, tarehe 25, mpwa wake Bernardo Ephrahim alikuwa ameshafungua shauri katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, wilayani Muleba. Mwone huyo mpwa alivyokuwa mwepesi: bibi alikosa wa kumtunza, lakini aliyekuja kulidai shamba hakuchukua hata siku mbili.

Mahakama ya Mwanzo ilimpa ushindi mpwa. Ikasema mauzo ni batili, bibi arudishe zile 300,000. Haikukosea kusoma sheria iliyokuwa mezani kwake. Kanuni ya 20 ya kanuni za urithi, katika Tangazo la Serikali Na. 436 la 1963, ilisema wazi kwamba mwanamke anaweza kuitumia ardhi ya ukoo maisha yake yote, lakini haruhusiwi kuiuza. Kabla ya hapo, mwaka 1945, Cory na Hartnoll walikuwa wameziandika mila za Wahaya kitabuni, na mila ikishaandikwa kitabuni huwa ngumu kuliko ilivyokuwa midomoni mwa wazee. Wazee walikuwa wakijadiliana. Kitabu hakina wa kujadiliana naye.

Holaria akakata rufaa Mahakama ya Wilaya ya Muleba, na huko, naomba mahakimu mnisikilize vizuri, hakimu wa wilaya ndiye aliyeanza. Yeye ndiye aliyesema kwamba Katiba sasa inakataza ubaguzi, akaubatilisha uamuzi wa Kashasha. Shauri lilipofika Mahakama Kuu Mwanza kama Rufaa ya Madai Na. 70 ya 1989, Jaji Mwalusanya hakuwa wa kwanza kuliona jambo hilo. Kazi yake ilikuwa kumpa hakimu wa wilaya msingi ambao mtu asingeweza kuung'oa kirahisi. Tunapowasifu majaji wakubwa tuna kawaida ya kusahau kwamba mara nyingi walikuwa wanathibitisha kazi ya mtu wa chini anayelipwa kidogo.

Hukumu ilitolewa tarehe 22 Februari 1990. Tuangalie alivyoijenga.

Ibara ya 13 ya Katiba ilikataza sheria za kibaguzi, lakini orodha yake ya wakati ule ya misingi ya ubaguzi ilitaja utaifa, kabila, dini, rangi na mengine, bila kutaja jinsia. Jinsia iliongezwa katika mabadiliko ya mwaka 2000. Mtu aliyetaka kumkatalia Holaria alikuwa na pengo hilo la kujifichia. Mwalusanya alizungukia nyuma. Alionyesha kuwa Katiba yenyewe inazingatia Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948, na kuwa Tanzania imeridhia Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu pamoja na mkataba wa 1979 wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake. Nchi haiwezi kuyatia saini hayo yote huko nje halafu, shauri likifika mahakamani kwake, ikadai haikujua kwamba mwanamke ni mtu.

Ipo hatua nyingine, nayo ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Wengi wetu tungekimbilia kuifuta Kanuni ya 20. Yeye alishika kifungu cha 5 cha Sheria Na. 16 ya 1984, kile kinachoiagiza mahakama kuisoma sheria ya zamani pamoja na marekebisho yanayotakiwa ili ipatane na Katiba. Akauliza: mwanamume wa ukoo akiuza shamba la ukoo kwa mtu baki bila ridhaa ya wenzake, mila inasemaje? Inasema wanaukoo wana haki ya kulikomboa kwa kumrudishia mnunuzi fedha zake. Basi, akasema, na mwanamke awe hivyohivyo, haki ileile na mpaka uleule. Mauzo ya Holaria ni halali. Bernardo akilitaka shamba, amlipe Gervazi shilingi 300,000 ndani ya miezi sita, na asipolipa shamba ni la mnunuzi.

Naona mzee mmoja pale mbele ametabasamu. Umeelewa, mzee wangu. Jaji hakuuvunja ukoo. Aliuachia ukoo mlango wake uleule wa kukombolea ardhi, ila akauambia uingie na fedha mkononi, kama unavyofanya shamba likiuzwa na mwanamume. Kama makaburi ya babu yana thamani kwenu, thamani hiyo ilipiwe. Asibebeshwe bibi mmoja mzee asiye na wa kumchotea maji.

Hoja ya pili: aliona kwamba uhuru wa mtu hauwezi kuamuliwa kwa jina la kosa peke yake.

Hapa nitakwenda haraka. Mwaka 1988 wenyewe alipokea shauri la Chumchua Marwa dhidi ya mkuu wa gereza la Musoma, akaitangaza batili sheria ya kikoloni iliyoruhusu mtu kuhamishwa kwa amri ya serikali kutoka sehemu moja ya nchi kwenda nyingine. Kisha likaja shauri la Daudi Pete, aliyeshitakiwa kwa unyang'anyi wa kutumia nguvu. Kifungu cha 148(5)(e) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kilimnyima dhamana mtu wa kosa hilo, moja kwa moja, bila hakimu kuruhusiwa hata kuuliza kama atakimbia. Mwalusanya akasema kifungu hicho kinapingana na Katiba. Mkurugenzi wa Mashtaka akakata rufani, na mwaka 1991 Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu Francis Nyalali akiwa kiongozi wa jopo, ikakubaliana naye kwamba kifungu ni batili, ingawa haikuzipokea sababu zake zote. Hukumu hiyo ya Rufani bado inasomwa kama msingi wa namna ya kupima haki ya mtu mmoja dhidi ya masilahi ya jamii.

Naunganisha hapohapo shauri la Peter Ng'omango, alilolisikiliza Dodoma. Wakati huo hukuweza kuishitaki serikali bila serikali hiyohiyo kukupa kibali. Mwalusanya alikataa. Mwaka 1993 Mahakama ya Rufani, katika shauri jingine, la Kukutia Ole Pumbun wa Arusha, ilifikia jibu hilohilo, na mwaka uliofuata Bunge likakiondoa kibali, likaweka notisi ya siku 90. Wakili yeyote humu ndani aliyewahi kuandika notisi ya siku 90 anatembea kwenye njia hiyo, ajue asijue.

Hoja ya tatu: hukumu iliyobatilishwa nayo ni utumishi.

Mwaka 1994, akiwa Dodoma, aliwatia hatiani kwa mauaji washitakiwa wawili, Mbushuu na mwenzake Kalai Sangula. Sheria ilisema adhabu ni moja tu, kunyongwa. Mwalusanya alikaa chini akasoma hukumu za mahakama za nchi nyingine, akasoma maelezo ya namna mtu anavyonyongwa na namna anavyosubiri, akaandika kwamba adhabu hiyo ni ya kikatili na ya kudhalilisha, kwa hiyo inapingana na Katiba. Akawafunga maisha.

Januari 1995 Mahakama ya Rufani iliitengua. Lakini soma ilivyoitengua. Majaji watatu walikubali kwamba adhabu ya kifo kwa asili yake ni ya kikatili na ya kudhalilisha. Walichokataa ni hatua iliyofuata: walisema ibara ya 30(2) ya Katiba inairuhusu sheria kama hiyo kwa ajili ya masilahi ya umma, na ni kazi ya jamii kupitia Bunge kuamua kama bado inaihitaji. Jaji wa chini alishindwa, lakini sehemu ngumu ya hoja yake ikabaki imesimama ndani ya hukumu iliyomshinda. Mwezi Juni mwaka huohuo Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini, ilipofuta adhabu ya kifo katika shauri la Makwanyane, ilijadili hukumu za Tanzania, ya Dodoma na ya Rufani. Na tarehe 28 Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha, iliamua katika shauri la Ally Rajabu na wenzake kwamba adhabu ya kifo ya lazima, ile isiyomwachia jaji nafasi ya kupima, inakiuka haki ya kuishi.

Sisemi kwamba Arusha walimfuata Mwalusanya. Walikuwa na sheria nyingine mbele yao na swali jembamba zaidi. Nasema kwamba swali aliloliuliza Dodoma halikuondoka. Wako wasikilizaji humu ambao wanaiunga mkono adhabu ya kifo kwa dhati, na huenda ndugu zao waliuawa. Sina neno la kuwabeza. Ninachowaomba ni kuisoma hukumu ile kabla ya kuipinga.

Hoja ya nne, na hapa nakuja kwa wanaomlaumu.

Lawama zipo, na jioni ya heshima isiyotaja lawama ni jioni ya msiba. Ya kwanza ni kwamba Jaji huyu alijifanya Bunge. Sikubaliani nayo hata kidogo: kifungu cha kurekebisha sheria za zamani kilitungwa na Bunge, yeye alikisoma tu. Ya pili ni nzito zaidi. Katika kesi ya Holaria palikuwa na maamuzi ya Mahakama ya Rufani yaliyotangulia, yanayokubali mila, naye akayapita. Jaji wa kanda akizipita mahakama za juu, mwananchi ataishikaje sheria? Jibu lake lilikuwa kwamba maamuzi yale hayakuipima mila kwa haki zilizoingia katika Katiba. Kwangu jibu hilo linatosha katika shauri lile. Lisingetosha katika kila shauri, na mahakimu vijana msilichukue kama ruhusa ya jumla.

Ya tatu inatoka kwetu mawakili: kwamba alileta hukumuni hoja na vitabu ambavyo wadaawa wenyewe hawakuvitaja. Ni kweli aliandika kwa urefu na alichimba mbali. Ila tujiulize Holaria angezitajaje hoja za mikataba ya kimataifa. Mawakili hatukuruhusiwa kuingia Mahakama ya Mwanzo, na hata tungeruhusiwa, fedha zetu angezitoa wapi? Zile 300,000 ndizo zilizokuwa zikigombewa. Mtu maskini akikosa wakili, na jaji naye akisema sitasoma zaidi ya ulichonieleza, kesi imeisha kabla haijaanza.

Mwaka 1994 ilitungwa Sheria Na. 33 ya kudai haki na wajibu muhimu. Tangu hapo mashauri ya kikatiba husikilizwa Mahakama Kuu na majaji watatu, na mahakama inaweza kuipa serikali muda wa kurekebisha sheria badala ya kuitangaza batili. Wako wanazuoni wanaoona kwamba ilitungwa kuwazuia majaji waliokuwa wakiamua wakiwa peke yao, Mwalusanya na Kahwa Lugakingira wakiwa mbele. Mimi naona watatu wanaweza kufikiri vizuri kuliko mmoja. Tatizo ni kwamba kuwapata watatu huchukua muda, na mtu wa Kashasha hana muda huo.

Sasa tutazame mbele, Mheshimiwa Mwenyekiti, kabla hujanionyesha saa.

Sheria za ardhi za 1999 zilimpa mwanamke haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanamume, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji imebatilisha mila inayomnyima haki hiyo. Lakini upande wa mirathi Tangazo la 1963 lilibaki. Wajane wawili kutoka mkoa wa Shinyanga walilipinga. Mahakama Kuu mwaka 2006 ilikiri kwamba lina ubaguzi, ikakataa kulifuta. Mahakama ya Rufani mwaka 2010 iliitupa rufani yao kwa kasoro ya kiufundi. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa wanawake iliona kwamba Tanzania ilikiuka haki zao. Wanafunzi, mnaotafuta mada za utafiti kila mwaka: wekeni hukumu ya 1990 na ya 2006 mezani pamoja, mniambie kwa nini njia ya kifungu cha 5 iliyofunguka Mwanza haikupitika mara ya pili.

Kuhusu dhamana, mwaka 2020 Mahakama Kuu ilikitangaza kifungu cha 148(5) batili, na miezi michache baadaye Mahakama ya Rufani, katika shauri la Dickson Paulo Sanga, ikakirudisha. Mjadala huo mtaurithi ninyi.

Pia tangu mwaka 2021 sheria imefanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zetu zote. Hukumu za Mwalusanya ziliandikwa kwa Kiingereza. Holaria Pastory alishinda kwa maneno ambayo wanawake wengi wa Muleba hawakupata kuyasoma. Napendekeza hukumu tano zake zifasiriwe, tuanze na ya Holaria, ziwekwe katika kila Mahakama ya Mwanzo ya mkoa huu mahali ambapo washauri na wadaawa wanaweza kuzifungua wakisubiri shauri kuitwa. Mawakili wa hapa Bukoba tugawane kurasa, na wanafunzi wa mwaka wa nne wasaidie kupitia rasimu. Wazee wa ukoo nao wakae na wafasiri kwenye sehemu ya kukomboa shamba, maana wao wanajua kinachofanyika shambani siku fedha inaporudishwa, nani anahesabu na nani anashuhudia. Karatasi ya kujiandikisha iko mlangoni, na kalamu ziko mbili, msiondoke nazo. Mheshimiwa Mwenyekiti, niko tayari kwa maswali, na ningependa aanze yule mzee aliyetabasamu.